Kibandiko Chekundu

Kazi yangu halmashauri ilikuwa leseni za mbwa.
Miaka kumi na moja, mbwa tu:
jina, rangi, amewahi kung'ata au hajawahi.
Huku Nyuzilandi Februari ni kiangazi,
ilipasa tuwe tunachuma matufaha.
Usiku ule mto ulipanda vitandani
ukailalia mito ya watu,
na kulipokucha nikapewa fulana ya njano,
kalamu isiyoogopa maji
na bunda la vibandiko vya rangi tatu.

Cheupe: kaa.
Cha njano: ingia mchana, utoke.
Chekundu: usiguse hata kitasa.

Mtaa wa Tarewa una nyumba kumi na tisa.
Nilizihesabu mara mbili, zikawa kumi na nane.
Ya mwisho ilikuwa imelala shambani kwa jirani
katikati ya mitufaha, mapazia yamefungwa,
kama mtu aliyeomba asiamshwe.

Tope lilifika kiunoni. Si tope la kulimia.
Ni lile laini, la kijivu, linalojua kufungua droo,
linaloingia kwenye albamu na kugeuza kurasa.

Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu;
sisi tulilipwa kwa saa kuyazoa.
Nayo maji hayakukaa. Siku mbili, yakaenda zake.
Kilichobaki ni fomu.

Fomu ya kontena la taka. Fomu ya kusamehewa kodi ya nyumba.
Maji ya kunywa, lita kumi kwa kichwa, njoo na chombo.
Ukumbi wa klabu ya raga, meza sita, birika moja,
Rewi wa maktaba akigawa glavu badala ya vitabu,
Tevita wa idara ya barabara
akilala humo humo ndani ya katapila lake.
Tulitoa pole mpaka neno likatoboka.

Bi Noeline Haddrell alikuja siku ya tano,
miaka themanini na miwili, gambuti za marehemu mumewe.
Hakutaka maji. Hakutaka ruzuku.
"Wewe ndiye uliyenibandikia chekundu?"
Nikasema ni mimi.
"Basi mna fomu ya mwimo wa mlango?"

Mwimo wa mlango wa jikoni, upande wa kushoto,
wenye mistari ya penseli: Graeme, 1971; Graeme, 1972;
Heather, aliyesimamia vidole ili amzidi kaka yake;
na mstari mmoja wa Colin.
Mmoja tu. Hakuueleza, nami sikuuliza.

Nikapekua bunda zima.
Kulikuwa na fomu ya mtaro, ya ua,
ya ng'ombe aliyefia kwenye ardhi isiyo ya mwenyewe,
ya mtu asiyejua ajaze fomu ipi.
Ya mwimo haikuwapo.

USIINGIE, niliandika mwenyewe pale mlangoni,
na wino ule hautoki.
Jumamosi alfajiri, kabla ya kubomoa,
Tevita alizima katapila hatua tatu kutoka ukutani.
Hatukuingia. Naapa hatukuingia.
Alijipenyeza na msumeno dirishani hadi kiunoni,
mimi nimemshika miguu,
na mtu ambaye miguu yake iko nje
kisheria yuko nje.

Ubao ukatoka na tope
hadi kimo cha Heather wa miaka tisa.
Juu ya hapo penseli ilikuwa safi kabisa.
Colin alikuwa chini.
Tuliosha kwa mswaki, kwa maji ya mgawo wangu,
lita ya kwanza hakuonekana.
Tevita akasema tupumzike.
Lita ya tatu, akaonekana.

Katika daftari la ukumbini,
safu ya Msaada Uliotolewa,
nimeandika: Haddrell, N. Ubao, mmoja.
Mkaguzi ameuzungushia duara.
Anauliza ubao mmoja unajenga nini.
Bado sijamjibu.