Kwa Fedha Taslimu

Balbina alishuka kwenye basi la saa nne
na kopo la biskuti, kalikumbatia kama mtu abebaye jogoo.
Mvua ya Galicia, ile isiyonyesha wala kukoma,
ilikuwa imemlowesha mpaka kope.

Akafungua kopo juu ya meza yangu ya kazi,
katikati ya vumbi la mawe na patasi.
Noti za kumi, za ishirini, moja ya hamsini
iliyokunjwa mara nne kama barua ya siri.
"Elfu moja mia sita na arobaini," akasema.
"Za mayai, za asali, na za ndama mmoja
tuliyemuuza mwaka ule Arximiro alipovunjika nyonga.
Nataka jiwe jeusi. Jina lote. Na msalaba usio na mbwembwe."

Mimi ni mchonga mawe, nimezoea vitu vigumu.
"Mama, sheria hainiruhusu kupokea
fedha za mkononi zikifika elfu moja."
"Ni bandia?"
"Si bandia."
"Nimeziiba?"
"Hapana."
"Basi zina ugonjwa gani?"

Uxía, binti yangu, ndiye mshika hesabu.
Akainua macho kwenye kompyuta:
azipeleke benki, benki izitume kwetu.
Balbina akacheka, meno matatu na hasira.
Tawi la kwao lilifungwa, paka analala dirishani.
Alhamisi huja gari la benki, lenye mashine tumboni,
linalotema mia tatu, wala senti zaidi,
na halimezi kitu.
"Linajua kutapika tu," akasema. "Nitalilisha vipi?"

Nikasema tugawe: nusu leo, nusu baada ya Pasaka.
Uxía akatikisa kichwa. Sheria hujumlisha.
Haba na haba hujaza kibaba,
na kibaba kikijaa, faini ni robo yake.
Jirani yangu aliilipa robo hiyo;
mpaka leo akisikia sarafu ikilia hugeuka nyuma.

Kimya. Mvua. Kopo wazi kati yetu
kama mdomo wa mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

Kisha: "Herufi moja bei gani?"
Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.
"Toa msalaba; Mungu anamjua.
Toa jina la ukoo; kijiji kizima ni ukoo huo.
Mwaka wa kuzaliwa uache, mama yake aliutaabikia.
Mwaka wa kufa…"
Akatazama patasi zangu, moja moja.
"Mwaka wa kufa toa.
Mchonge mpaka pale sheria inapoishia."

Tukafika mia tisa tisini na sita.
Akanipa noti akilamba kidole,
zilizobaki akazirudishia kifuniko chenye picha ya farasi.

Nililisimika Jumamosi, mimi na mpwa wangu.
ARXIMIRO, chini yake 1938, kisha kistari,
na baada ya kistari granaiti tupu, nyeusi, iliyong'aa
hata unajiona uso wako humo.

Padri aliuliza. Majirani waliuliza.
Balbina, akipangusa matone kwa ncha ya shali,
aliwajibu wote jibu moja:
"Kwa fedha taslimu, hajafa bado."

Kile kistari nilikichonga bure.
Uxía hajui, wala serikali.