Kipande Tu

Kabla ya buibui, kabla ya zawadi ya bibi harusi,
nafunga kwanza chupa ya chai isiyotiwa chai:
barafu ya shilingi ishirini kwa Famau muuza samaki
(yanuka changu, lakini baridi ni baridi),
kitambaa, na juu yake vichupa viwili vya insulini
vimelala kama mapacha.
Mabomba tisa. Vijiti vya kupimia kumi na viwili.
Tende saba. Cheti cha daktari
kilichokunjwa hadi kikachanika kwenye mikunjo.
Mama aniangalia kutoka barazani:
"Wewe huendi safari. Wewe wahama."

Mokowe, alfajiri, basi languruma.
Hindi. Witu. Gamba.
Kizuizini askari kijana afungua chupa yangu,
achungulia kama mtu juu ya kisima.
"Dawa ya nini?"
"Ya sukari."
"Mbona mdogo hivyo?"
Swali hili naulizwa tangu nina miaka tisa,
jibu langu limechakaa kuliko cheti.
Nampa cheti.

Garsen nachoma kidole. Tatu nukta nne.
Jasho la baridi, midomo yafa ganzi,
miti nje ya dirisha yaenda bila mimi.
Tende. Tende. Tende.
"Dada, nilidhani umefunga," asema mama mwenye kuku kapuni.
"Nimefunguliwa," namwambia,
naye acheka, asijue acheka nini.

Malindi. Shela ya huku, si ile yetu.
Shangazi Batuli alinipokea kwa machozi na mkate wa sinia.
"Kipande tu, mwanangu. Kidogo hakiui."
Kidogo!
Neno hilo lina meno, nalijua,
nami nikala, kwa kuwa aliupika usiku
akilitaja jina langu.
Vichupa nikaviweka kwenye mlango wa friji,
kati ya mayai na jagi la ukwaju,
nikasema mara tatu: hapa hapa, visiguswe.

Saa mbili ya usiku nikaenda kuchukua.
Mlangoni: soda.
"Nimekuwekea kule juu," akasema, uso umemng'ara,
"kwenye barafu yenyewe,
dawa yako ipate baridi ya haki."

Vigumu kama kokoto.
Nikaviyeyusha kiganjani nikijua ni bure:
maziwa yaliyokatika, mabonge mabonge.
Nikasema, ahsante shangazi.
Ungemwambia nini?
Alikuwa na hina hadi viwikoni.

Nikajikalia stoo, juu ya gunia la mchele,
kiu imeanza, ile kiu isiyojua maji,
nahesabu saa hadi maduka ya dawa yafunguliwe
na nahesabu upya, kana kwamba hesabu
ingenionea huruma.

Akaingia Sauda, mke wa mwenye malori,
yule aliyewashinda wote kwa kucheza,
dhahabu hadi kwenye vifundo vya miguu.
Akaufunga mlango kwa nyonga.
Akafungua mkoba: wanja, peremende,
chupa ndogo ya uji wa mtoto.
Ndani yake hamkuwa na uji.

"Nimekuona ukikishika kile kichupa mbele ya taa.
Wachoma ngapi?"
"Kumi na nne."
"Mie ishirini na mbili. Mwaka wa kumi na mmoja huu.
Mama mkwe adhani nina tumbo bovu,
kila chakula naenda msalani."

Hatukukumbatiana. Hakuna aliyelia.
Kila mmoja alipandisha nguo yake upande wake,
bomba jipya kwake, bomba jipya kwangu,
nje vigelegele vikapasuka, bibi harusi katolewa,
na sisi hatukumwona.

Akaniachia kichupa mkononi.
"Nina kingine nyumbani. Usinirudishie."
Mkono ukiwa kwenye kitasa akageuka.
"Bado hujachoma? Subiri kwanza.
Ule mkate wa sinia ulikula?"
"Kipande tu."
Akanitazama kwa muda, kama dada mkubwa.
"Kipande cha Batuli?
Basi vuta kumi na sita."