Siku Tisa

Wamelisoma jina langu ukumbini, Kisumu.
Makala bora ya mwaka: mafuriko ya Nyando
yaliyokokotolewa na tarakilishi kumi na sita
usiku kucha, bila kupiga miayo.

Mwenyekiti wa majaji, Profesa Wafubwa,
amesifu hasa ukurasa wa saba,
jinsi kanuni yangu ilivyoziba
pengo la siku tisa kwenye takwimu za mvua.
"Ustadi," amesema. Makofi.

Takwimu zilitoka Ahero, kwa shangazi Ajwang':
daftari la mistari, kalamu ya risasi,
mkebe wa mafuta ya kupikia
aliouchora sentimita kwa ncha ya msumari,
kila alfajiri, miaka kumi na tisa.

Siku tisa zile mto uliingia ndani.
Alikuwa juu ya paa na mbuzi wawili,
daftari ndani ya sufuria,
kifuniko kimekazwa kwa kamba ya katani.

Kanuni ilikadiria milimita arobaini na moja.
Nilipomuuliza yeye, alicheka:
"Andika tu, mkebe ulielea."

Cheti kina mstari mmoja wa jina.
Nimeazima kalamu.