Mbweu

Nilisahau kufunga pipa la mahindi.
Ndiyo yote. Kosa halina zaidi ya hapo:
kifuniko kimelala chini, na Ruça
amesimama zizini kama mlafi wa arusini,
ubavu wa kushoto umetutumka,
umekaza ngozi iliyowambwa.

Ni wiki ya tatu tangu niwanunue, watatu,
gulioni, kwa Baltasar aliyenitazama viatu
kabla ya kunitajia bei.
Alijua. Vilikuwa viatu vya Lyon,
vya fundi lifti wa miaka thelathini na moja
aliyerudi milimani, Ureno, kwenye nyumba ya marehemu mama
na pensheni, na wazo.

Wazo ni jepesi. Mbuzi ana kilo arobaini.

Saa nne usiku. Anasaga meno, hacheui.
Nampigia daktari Iolanda; yuko ng'ambo ya bonde,
mkono wake mzima umo ndani ya ng'ombe anayezaa,
simu ameshikiwa na mwenye ng'ombe.
"Mtembeze!" anapaza sauti. "Miguu ya mbele iwe juu.
Mafuta, kidogo kidogo, yasimwendee mapafuni.
Msugue. Na usimwache alale, unanisikia? Asila—"
Simu nayo ikakata roho.

Mafuta. Chupani mwangu mna tone la kuapia.
Nikagonga kwa Felismina, ambaye tangu nirudi
ananiita Mfaransa, hata kanisani.
Akafungua, koti juu ya gauni la kulalia,
akasikiliza hadi mwisho bila kunikaribisha,
akaleta mafuta yake ya zeituni, ya msimu huu,
akaiinua chupa kwenye taa nione yalipofika.
"Hii itarudi imejaa," alisema.
"Apone asipone."

Basi tukatembea, mimi na Ruça,
kutoka zizini hadi kisimani, kisimani hadi zizini,
barafu ikikatika chini ya kwato na viatu vya Lyon.
Kila akipiga magoti nilimwinua kwa pembe,
nikamwomba radhi, nikamwinua tena.
Nilimpandisha kwenye ngazi ya mawe, kichwa juu,
nikamsugua ubavu kwa ngumi, kwa kiganja,
kwa kiwiko kiganja kilipokufa ganzi.

Nilizungumza naye. Kumpigia mbuzi gitaa, husemwa,
ni kazi bure; mimi nilimpigia usiku kucha:
nilimweleza habari za lifti ya hospitali
iliyokwama na mama mjamzito ndani,
jinsi nilivyoweka sikio kwenye mlango wa chuma
nikajua, kwa mkwaruzo tu, ni gurudumu lipi.
Kisha nikaweka sikio kwenye ubavu wake.
Kimya.
Sikuwahi kusikia mashine yenye kimya namna ile.

Saa kumi. Niliwaza kisu. Nakiri.
Baba alikuwa na kisu cha kazi hiyo,
na mimi sijui hata pa kuchoma.

Kisha, ndani kabisa, kitu kikateleza.
Mlio mdogo, wa maji kwenye bomba la nyumba ya jirani.
Shingo ikanyooka, macho yake ya mstari yakatoka,
na Ruça akapiga mbweu
mrefu, mchachu, wenye harufu ya pombe na majani yaliyooza,
usoni mwangu, mdomo wangu ukiwa wazi.
Akapiga wa pili. Wa tatu ulikuwa mdogo, wa adabu.
Nilicheka hadi nikakaa kwenye samadi.

Dirisha la jirani lilikuwa na taa bado.
Likafunguka upenyo.
"Amekufa?"
"Amebeua."
"Haya," akasema Felismina, na taa ikazimika.

Asubuhi nimelifunga pipa kwa kebo ya lifti,
mafundo manne. Upuuzi, tatu zingetosha.
Ruça amenitafuna kidole kimoja cha glovu.
Nimekaa kwenye ndoo, sijalala,
nahesabu taya lake likienda kushoto, kulia,
kushoto,
na kila likisimama
nasimama nami.