Kilo Ishirini na Sita

Kwenye duka la Blažena, nyuma ya kituo cha treni, Prostějov,
ubishi hufunguliwa pamoja na mlango, saa mbili asubuhi.

Bohumil huja na daftari la mistari ya samawati,
hukohoa, hulamba kidole, husoma:
Merle Petherick, mataji makuu ishirini na mawili.
Odessa Tarpley, kumi na tisa.
Drahomíra wetu, tisa.
"Hesabu haina mjomba," husema, akalifunga.

Květa, aliyeuza tiketi za reli miaka thelathini,
hajui kupaza sauti. Huuliza tu.
Hayo ya Merle, mangapi aliyatwaa Melbourne,
safari fupi ya tramu kutoka kitandani kwake?
Kumi na mawili.
Na kutoka Ulaya walikwenda wangapi miaka ile,
wiki sita za meli kwenda, wiki sita kurudi?
Bohumil huitazama kahawa yake.
"Mcheza kwao hutunzwa," husema Květa,
na kuomba sukari.

Mimi nafagia ncha za nyuzi,
nyeupe, za manjano, nyeusi,
zinazojificha kwenye nyufa za sakafu zichome soksi.
Nimefagia ubishi huu miaka miwili. Hauishi.

Mpe Merle raketi ya Odessa, halafu tuone.
Mpe Odessa meli ya Merle!
Na Drahomíra
mpe mgongo mwingine tu. Aliacha akiwa na miaka ishirini na mitano,
hakuweza kuinama kufunga kiatu.

Blažena huwa hasemi.
Alizunguka misimu ishirini na minne
na mashine yake ndani ya sanduku lenye bawaba moja:
Melbourne, Januari, joto la kulegeza gundi;
Paris, vumbi jekundu ndani ya kila tundu la fremu;
London, raketi zikirudi na harufu ya nyasi mbichi;
New York usiku wa manane, vidole vimevimba,
mtu akigonga dirisha: mbili zaidi, kabla ya saa tatu.

Siku moja tu alisema, uzi ukiwa mdomoni:
"Drahomíra alitaka ishirini na moja Paris, ishirini na tatu London,
na hakusahau kuuliza hali ya mama.
Odessa, ishirini na nane popote,
hata kwenye theluji angetaka ishirini na nane.
Aliporudi, mtoto wake ana miezi saba,
akaomba ishirini na saba na nusu
na kuniapisha nisimwambie mtu.
Amestaafu. Nimesema."

Nusu kilo.
Bohumil alifungua daftari, akalifunga tena.
Halikuwa na safu ya kuiandika.

"Na Merle?"
Merle alimjia mara moja, bibi mwenye kofia,
na raketi ya mbao iliyopinda, nyuzi za utumbo zimekatika.
Ya kutundika ukutani, alisema, lakini ikaze.
Blažena aliikaza kana kwamba kesho kuna fainali.
Bibi akaigonga kwa kucha, akasikiliza,
akasema: bado kidogo.

Alhamisi iliyopita aliingia Zdislava, umri miaka kumi na mitatu,
chokaa ya mstari kwenye goti,
akaitupa raketi kaunta. Jumamosi anacheza Olomouc.
Alisubiri, akawasikia wazee wakivutana,
akauliza, "Merle ni nani?"
Hakuna aliyejibu. Palisikika feni peke yake.
"Kilo ngapi?" akauliza Blažena.
"Ishirini na sita."

Wote watatu waligeuka.
Ni nyingi mno kwa mkono huu, alisema Bohumil.
Utaumia kiwiko, alisema Květa.
Ishirini na mbili, binti yangu, alisema Blažena.
Tangu nianze kazi hapa sijawahi kuona wakipatana.

"Ishirini na sita," alisema msichana.

Mashine ikavuta.
Nikachukua ufagio.