Chaki Kiwandani

Bi Khuwelda alinikabidhi ufunguo na karatasi:
minazi ya mapambo safu mbili, kama askari wa gwaride,
nyasi za kukatwa kila Alhamisi,
na bomba la kurusha maji juu.
"Hivi ndivyo nitakavyo, fundi. Waanza lini?"

Kiwanda cha nyumba ile, pale Mkomani,
ni dhiraa kumi na mbili kwa tisa.
Siku tatu sikuchimba.
Nilikaa ngazini na chaki
nikikifuata kivuli sakafuni:
hapa saa mbili, hapa saa tano,
hapa adhuhuri, kimejikunyata chini ya ukuta kama paka.
Mpishi akanicheka: "Mpanda maua, au mwalimu wa hesabu?"

Bibi wee, nyumba hii ilishapandwa.
Waliochonga zidaka hizi, tabaka kwa tabaka,
walikwisha kutia majani na vikonyo chokaani.
Nikisimamisha msitu mbele yake
nitakuwa mtu apigaye kelele mwenziwe akisoma.

Basi mkomamanga mmoja, upande wa kaskazini,
usipite kimo cha dirisha la juu;
ukichanua, wekundu upate weupe wa kuegemea.
Kilua nyuma ya ngazi, upepo upitapo:
hakionekani, hunukia tu,
mgeni aulize ni nani aliyepita.
Asumini mitungini, si ukutani.
Mizizi haina adabu,
na matumbawe humegeka kama sukari guru.
Birikani, visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu.

Tuligombana jambo moja.
Juu ya daka, penye ufa, umeota mtini,
mbegu ya ndege, majani manne yanameta.
"Uwache. Umejileta wenyewe, una baraka."
Nikampeleka nyumba ya tatu, gofu la kina Shekuwe,
nikamwonyesha mwingine uliojileta wenyewe:
umesimama ukumbini, umevaa ukuta kama koti,
boriti zimelala chini.
Hakusema neno. Alirudi akaung'oa kwa mkono wake,
akaufunga kwenye pindo la leso.
(Juzi nimeuona juu, makutini,
ndani ya kopo la samli.)

"Na pale katikati?"
Pale sipandi.
Pale kilitolewa kitanda cha mamako joto likizidi;
miguu yake imeacha vishimo vinne sakafuni.

Nilivizungushia chaki, kila kimoja.
Masika mawili yamepita.
Ikifutika,
kuna mtu huichora upya.