Gazeti la Uchochoro

Lilitoka kila Alhamisi, kurasa nne,
nyuma ya cherehani ya Shekuwe pale Langoni,
wino ukichafua kanzu za harusi za watu.
Toleo la kwanza liliuliza bei ya mtaro.
La tisa liliuliza tena.
La kumi na saba, askari wakaipakia mashine ya kurudufu
juu ya punda wa kukodi; ujira hawakulipa,
na hilo nalo Mwanatumu akaliandika, kwa mkono,
nakala thelathini, mwandiko ukizidi kulala.

Leo nimenunua bajia.
Karatasi yake naijua. Mkono ule ule.
“Fedha za mtaro zililiwa na”
hapo mafuta yamepita,
jina limekuwa dirisha:
nakiona kidole changu upande wa pili.